Filamu ya vikaragosi: nimwonyeshe vipi Liyongo amekufa na watu bado wanamwogopa?

BintiLangoni

Asalam aleikum wana jukwaa.

Niko Amu, yaani Lamu, mtaa wa Langoni. Kazi yangu ni cherehani: mabuibui, kanzu za watoto wa madrasa, na nguo za maharusi msimu ukifika. Usiku nikishafunga kazi nachora, na ninachochora siku hizi ni filamu fupi ya vikaragosi, ile ya stopu mosheni ya kusogeza kidogo ukapiga picha, ukasogeza tena ukapiga. Vipande vya majaribio nimeshafanya kwa simu na vimetoka vizuri. Sasa nataka kitu kizima, na kabla sijakata kitambaa nataka nipange.

Kisa ni cha Fumo Liyongo, mwisho wake tu. Kwa asiyekijua: mwanawe amehadaiwa na watu wa mfalme wa Pate, akamchoma babake kitovuni kwa sindano ya shaba akiwa usingizini. Liyongo anaamka, anachukua uta na mishale, anatoka hadi kisimani nje ya mji, anapiga goti, anapachika mshale, na hapo roho inamtoka. Lakini haanguki. Watu wanakuja kuteka maji, wanamwona amepiga goti na uta umevutwa, wanarudi mbio. Mji unakosa maji. Wanamwendea mamake akamsihi, naye anakwenda anamwimbia, wala hajibu. Mpaka siku anapoanguka mwenyewe ndipo wanapojua, na ndipo wanapoiona sindano.

Shida yangu iko hapo kisimani. Mwigizaji wa kweli akitulia bado unaona yu hai, kifua kinapanda, jicho linapepesa. Kikaragosi kikitulia kimekufa papo hapo. Nilimweka mmoja wa waya na kitambaa amepiga goti, nikampiga picha bila kumgusa, nikamwonyesha mdogo wangu ambaye sikumsimulia kitu. Akaniuliza, "Huyu amekufa lini?" Basi wale wanawake wa kisimani wakikimbia wataonekana wajinga, kwa sababu mtazamaji atakuwa amejua kabla yao. Nami nataka mtazamaji aogope pamoja nao.

Jambo la pili: mamangu haridhii sanamu zenye nyuso kamili ndani ya nyumba, nami sitamvunjia heshima. Vikaragosi vyangu havitakuwa na macho wala midomo, ni umbo la uso tu. Kwa hiyo hata kupepesa jicho sina.

Nilichonacho: simu moja yenye kamera nzuri, kompyuta ya mkononi ya zamani, meza ya kukatia nguo, na chumba cha juu chenye dirisha la upande wa bahari. Nataka isizidi dakika tatu. Nianzie wapi?

PichaMojaMoja

Waaleikum salaam dada. Mimi niko Malindi, natengeneza katuni fupi za kufundishia watoto wadogo, nyingi za udongo na karatasi. Swali lako nimelisoma nikaacha chai ipoe.

Anzia hapohapo kisimani. Usianze kupanga kutoka tukio la kwanza ukishuka. Hicho kitendo cha kutulia ndicho filamu yako, na kila kitakachotangulia kazi yake ni kumwandaa mtazamaji akifikie vizuri. Unasema kikaragosi kikitulia kimekufa. Ni kweli, kwa mtu ambaye hajafundishwa vingine. Basi mfundishe. Katika sekunde ishirini za mwanzo mwonyeshe Liyongo mzima akiwa ametulia. Kile kisa cha mikoma, ile miti jamii ya minazi, kitakufaa: wenziwe walipanda miti kuangua makoma, zamu yake ilipofika hakupanda, aliyaangusha kwa mishale akiwa chini. Mwonyeshe amepiga goti vilevile, uta umevutwa vilevile, kamera imekaa palepale itakapokaa baadaye kisimani. Atulie. Mtazamaji adhani picha imekwama. Halafu ghafla mshale uondoke. Ukishafanya hivyo mtazamaji ameingiwa na somo: mtu huyu anapotulia ndipo anapokuwa hatari. Ukimrudisha katika goti lilelile mbele ya kisima, hakuna atakayethubutu kusema amekufa. Atangoja mshale.

Ila kule kwenye mikoma asitulie kabisa. Apumue. Kuna fundi aliyeitwa Marcel Delgado, ndiye aliyeunda dinosaria wa filamu ya The Lost World ya mwaka 1925. Aliwatia kibofu ndani ya mwili, kikajazwa hewa na kupunguzwa kidogo kati ya picha na picha, wakawa wanapumua. Wewe chukua puto dogo, lifunge kwenye mrija mwembamba, upande wa pili bomba la sindano la duka la dawa, lisilo na sindano yenyewe. Liweke kifuani chini ya nguo. Ukipiga picha 12 kwa sekunde, pumzi moja ya mtu aliyetulia iwe kama sekunde nne, yaani picha 48: 18 za kuvuta, 24 za kutoa, na 6 kifua kimekaa kimya kabla ya kuvuta tena. Kutoa pumzi kuwe kurefu kuliko kuvuta, na mwanzo na mwisho wa kila mwendo kusogee kidogo sana, katikati ndipo pasogee zaidi. Mwendo wa kiasi kimoja tangu mwanzo hadi mwisho ni wa mashine.

Sasa kisimani. Yeye asisogee hata unywele, lakini ulimwengu usogee. Kivuli chake ndicho saa yako. Tumia taa moja kali kama jua, uizungushe juu yake kutoka upande mmoja hadi wa pili, kivuli kitembee chini na yeye amekaa. Amu iko kama nyuzi 2 tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la kweli linapita karibu utosini: asubuhi kivuli kirefu, adhuhuri kinajikunja chini ya goti, alasiri kinatoka upande mwingine. Kata nusu duara ya plaiwudi, iweke alama za nyuzi, taa itembee juu yake. Nyuzi 3 kwa kila picha, picha 60, mchana mzima umepita kwa sekunde tano. Fanya michana mitatu, na kati yake giza. Mtu atahisi siku zimepita bila neno moja kuandikwa.

Hapa sikiliza sana. Picha za maiti ndizo zinazotaka mwanga safi kuliko zote. Katika kipande cha watu wanaotembea, mwanga ukirukaruka kidogo jicho halishiki. Kwa mtu asiyesogea, kila mruko wa mwanga utamtingisha, atakuwa anatetemeka, na hiyo siyo hofu unayoitaka. Kwa hivyo:

Dirisha la baharini lizibe kabisa, kwa blanketi na si pazia. Wingu likipita ni picha tofauti.

Umeme wa ukutani unapanda na kushuka, na taa zinazotumia umeme wa hertsi 50 hupwesa mara 100 kwa sekunde. Zuia simu isijichagulie chochote: fokasi, mwangaza, rangi, vyote uvifunge kwa mkono, na kasi ya shata, yaani muda kamera inaopokea mwanga kwa kila picha, iwe sehemu moja ya hamsini ya sekunde au polepole zaidi. Afadhali zaidi tumia taa ndogo za LED za USB kwenye pawabanki. Umeme ukikatika hutajua.

Vaa nguo nyeusi, na kila unapopiga simama mahali pamoja. Shati jeupe linarudisha mwanga kwenye seti.

Simu usiiguse. Bonyeza kwa waya wa spika za masikioni au kwa rimoti ya bluututhi. Programu ya Stop Motion Studio itakutosha, inakuonyesha picha iliyopita kama ukungu juu ya hii unayotaka kupiga, na hapo ndipo utakapojua kama goti limehama.

Kuhusu nyuso, mamako amekusaidia. Uso usio na kitu unamlazimu mtazamaji kusoma mabega na shingo, na hutahitaji midomo ya kubadilisha kwa kila herufi. Weka kazi yako yote kwenye shingo. Kichwa kikiinama nyuzi tano tu, inatosha kumfanya mtu awe na shaka.

Ukiwa tayari tuandikie orodha ya vipande na sekunde zake. Storibodi, yaani michoro ya kila kipande, ichore kwenye kadi zilizolegea, isiwe daftari, maana utazipanga upya mara nyingi. Halafu kila kadi ipige picha kwa simu, uziunganishe zikae sekunde zake kamili na sauti juu yake. Hiyo ndiyo animatiki, na kama kisa hakishiki hapo, vikaragosi havitakiokoa.

MwalimuTenzi

Nimefurahi kuona kijana wa Amu anaushika mwisho wa Liyongo badala ya vita. Nasomesha Kiswahili, na utenzi alioandika Muhamadi Kijumwa wa hapohapo kwenu Lamu mwaka 1913 nimeusoma na wanafunzi miaka mingi. Kijumwa mwenyewe alikuwa mtunzi, mwandishi wa hati nzuri na mchonga milango, kwa hiyo hushangai kisa chake kina umbo: mtu, goti, uta, kisima.

Nina mawili ya kusema.

Seti isiwe Lamu ya leo. Milango ya nakshi, zidaka, madaka yenye baraza, hayo tunayoyaona ni ya nyumba za karne ya 18 na 19. Liyongo ni wa zamani zaidi, na wataalamu hawajakubaliana ni lini hasa. Usipomvisha kanzu na kofia ya vito hutakosea. Mpe nguo ya kujifunga kiunoni na nyingine ya begani. Kisima nacho kiko nje ya mji: mawe ya matumbawe, chokaa iliyochakaa, mkoma mmoja au miwili nyuma. Wanawake waje na mitungi na kata za vifuu, si ndoo.

La pili ni mama. Katika mpango wako amekuja kama mjumbe wa mji, anaimba, anaondoka. Lakini fikiria: mji mzima unamwogopa mtu huyu, yeye peke yake hamwogopi, ni mwanawe. Wote wanasimama mbali, yeye anakwenda karibu. Basi kamera nayo iwe mbali kwa wote na karibu kwake tu. Na wimbo urekodi kwanza, kabla hujapiga picha hata moja. Mtafute mama mtu mzima mwenye sauti ya nyumbani, anayejua kumbembeleza mtoto, aimbe bila ala. Mwendo wa kikaragosi utaufuata wimbo, wimbo hauwezi kuufuata mwendo.

BintiLangoni

Mwalimu, shukrani. Kaka wa Malindi, Mungu akujaze kheri, nimeandika yote kwenye karatasi na kuibandika juu ya meza.

Maneno yenu mawili yamenifungua jambo. Mimi ni mshonaji, kitambaa ndicho ninachokijua. Mtu akipumua, nguo ya kifuani inainuka na kushuka. Upepo ukipiga, nguo ileile inainuka na kushuka. Ukiwa mbali huwezi kutofautisha. Basi kisimani nitaiachia nguo ya begani isogee kwa upepo! Wanawake wanaona kifua kinapanda, wanaamini anapumua, wanakimbia, na mtazamaji anaona wanachokiona. Kule kwenye mikoma pumzi itakwenda kwa mpigo wake, 48, 48, 48. Kisimani nguo itakwenda ovyo kama upepo unavyokwenda: ipande mara mbili haraka, ikae, ipande kidogo, ikae sana.

Na mama akifika karibu, aweke kiganja mbele ya kifua, asiguse, angoje. Upepo utulie, nguo itulie. Hapo yeye anajua. Sisi tunajua pamoja naye. Mji haujui bado, na yeye hawaambii, anaimba.

Mwalimu, je, ni kosa kumfanya mama ajue kabla ya wengine? Sitaki kuuharibu utenzi.

Na kaka, nguo itasogezwa vipi bila vidole kuacha alama? Kwenye majaribio yangu kila nilipomshika kikaragosi nguo nzima ilichemka, mikunjo ikirukaruka picha hadi picha.

MwalimuTenzi

Si kosa. Kisa cha Liyongo kimesimuliwa kwa mdomo kabla ya Kijumwa na baada yake, na kila msimulizi ana jambo alilolitia uzito. Ungebadilisha sindano au kisima ningekuzuia. Hili la mama limo ndani ya kisa, ni wewe umelitoa nje. Mimi niko upande wako kabisa.

PichaMojaMoja

Dada, hilo la upepo na pumzi sikuliwaza mimi, na ni bora kuliko niliyokupa. Lishike.

Kuhusu nguo kuchemka: hata King Kong, yule sokwe wa filamu ya 1933, alikuwa na shida hiyo, manyoya yake yanasogea kila mahali alipoguswa na vidole, na ukiitazama filamu leo unayaona. Kwake ilionekana kama hasira. Kwako itaonekana kama uhai, kwa hiyo lazima uiue kila mahali isipokuwa pale unapoitaka.

Tumia melimeli au kitambaa chepesi kuliko hicho. Bafta kwa kikaragosi cha sentimita 20 inasimama kama turubai, na nyuzi zake zinaonekana kamba. Pindo litie waya mwembamba sana ndani, wewe hilo utalishona vizuri kuliko yeyote humu. Nguo nzima ipake gundi nyeupe iliyopunguzwa kwa maji, mikunjo uipange ungali umajimaji, iache ikauke. Itashika umbo. Sehemu ya begani pekee usiipake, ibaki na waya tu, na waya huo uusogeze kwa ncha ya kijiti au koleo dogo, kidole kisifike. Kikaragosi cha kisimani kitengeneze peke yake, tofauti na kile cha mikoma. Cha mikoma kina kibofu na viungo vya kusogea. Cha kisimani hakina haja ya viungo. Kigumu kabisa, kimefungwa kwenye ubao kwa parafujo mbili, gotini na kwenye wayo. Hata ukikigonga kwa bahati mbaya hakitasogea.

FundiMatondoni

Mwanangu, salamu zako zimefika. Mimi ni mtu wa Matondoni, nimeunda mashua tangu ujana, na sasa mikono imepungua nguvu nachonga vidau na mitepe midogo ya kuweka ndani ya nyumba. Mjukuu wangu amenisomea mazungumzo haya yote, nami namwambia la kuandika.

Kuhusu uta. Hamjausema, na uta ndio utakaokuharibia. Ukichukua mwanzi ukaupinda ukautia uzi, uzi unavuta. Mkono wa waya utashindwa na uzi kidogo kidogo, hutaona leo, utaona ukizitia picha zako mbio: maiti anashusha uta. Chonga nyuta mbili. Mmoja umelegea. Wa pili uuchonge umeshapindika, mti wenyewe una umbo hilo, na uzi wake uwe wa kupitishwa tu, hauvuti kitu. Akivuta uta kwenye mikoma, picha moja unaondoa ule unaweka huu. Jicho halitajua. Mishale nakushauri iwe ya chelewa, zile njiti za makuti, imenyooka na haina uzito, na ncha utie kipande cha bati ya kopo.

Kichwa na kifua chonga kwa msufi, ni mti mwepesi na kisu kinakwenda. Usichonge kwa bambakofi, ni mti wa milango, utachosha mkono na kikaragosi kitapinduka kwa uzito. Mapaja na mikono iwe vijiti, na waya uwe kwenye viungo peke yake, gotini, kiwikoni, begani, shingoni. Mtu akitiwa waya mwili mzima anapinda pasipo na mfupa, anakuwa kama pweza. Waya uwe wa alumini, sokota miwili pamoja. Wa chuma unarudi nyuma ukiuachia, na wa shaba ukiupinda mara nyingi unakuwa mgumu kisha unakatika.

Jingine ni mai ya kisima. Usiyaonyeshe. Kisima kina kina, mtu anaona ukingo na giza. Mji una kiu, na anayetazama naye awe na kiu. Mai yasionekane mpaka yule mtu aanguke, na hapo mtu mmoja atumbukize kata ayatoe.

Na unyevu wa bahari usiusahau. Ubao wa seti ukiwa mwembamba utapinda kusi ikipiga. Weka mbao nene, upake rangi pande zote mbili, chini na juu, zivute sawa.

Ukiya Matondoni nitakupa msufi, ninao uliokauka.

BintiLangoni

Babu, nimesoma kwa sauti mpaka mamangu akasimama mlangoni kusikiliza. Nitakuja inshallah, na uta nitakuomba unionyeshe kwa mkono wako. La maji sikulifikiria kamwe na sasa silioni filamu bila yake.

Orodha yangu, kwa picha 12 kila sekunde:

Mikoma, Liyongo mzima, pumzi, mshale: sekunde 25
Chumba, usiku, mkono na sindano, vyote vivuli ukutani: 10
Njia ya kwenda kisimani, mgongo wake tu: 15
Anapiga goti, uta, pumzi ya mwisho: 20
Wanawake wanakuja, nguo inainuka, wanakimbia: 20
Kivuli kinazunguka, michana mitatu: 15
Mama: 35
Kuanguka, na kata ya maji: 10

Jumla sekunde 150, picha 1,800. Nimeamua kuwa na wanawake wawili tu, na umati wa mji uwe vivuli vya karatasi iliyokatwa, wamepita mbele ya taa.

Ninachouliza mwisho ni kuanguka. Mtu mkubwa anaanguka vipi akiwa na sentimita chache tu?

PichaMojaMoja

Orodha ni nzuri. Vivuli kwa umati usiogope kwamba ni njia ya mkato: Lotte Reiniger wa Ujerumani alitoa filamu ndefu nzima ya vivuli vya karatasi mwaka 1926. Picha 60 kwa siku, yaani sekunde tano, ni mwendo mtu anaoweza kuushika baada ya kazi ya mchana, kwa hiyo hesabu siku 30 za kupiga, na hizo hazimo siku za kuunda seti na kushona. Usipige kwa mpangilio wa kisa. Kila kinachotaka kamera mahali pamoja kipige pamoja. Wanawake, kivuli na kuja kwa mama vyote ni kamera moja ya mbali, simu isitoke hapo mpaka viishe, na tripodi uigandishe sakafuni kwa gundi ya moto.

Vimo: wanawake sentimita 20, Liyongo sentimita 28 akisimama. Hiyo ni kama mwanamke wa sentimita 160 na mtu wa mita mbili na robo. Kamera yake iwe chini, usawa wa goti, itamwongeza.

Kuanguka. Kitu kinachoanguka huongeza mwendo: kikishuka hatua moja katika picha ya kwanza, ya pili ni tatu, ya tatu ni tano, halafu saba. Huo ndio mpango wako. Ila kitu kikubwa huchukua muda mrefu kufika chini kuliko kidogo, na jicho la mtu linajua hilo. Ukimwangusha kwa picha sita atakuwa mwanasesere aliyeanguka mezani. Mpe 14 au 16, na nyingi ziwe mwanzoni, anapoanza kuinama na hakuna anayeamini. Mabega yafike kwanza, kichwa baada ya picha mbili, nguo ya mwisho. Uta utoke mkononi kabla hajafika chini. Kwa kipande hiki utarudi kwenye kikaragosi chenye viungo, au uunde cha tatu. Mfungie nguzo ya waya mnene mgongoni upande usioonekana na kamera, uiinamishe hatua kwa hatua. Uta na mshale uvining'inize kwa mshipi wa kuvulia, ule mwembamba kabisa, uliopakwa rangi ya ukuta wa nyuma.

Kipige cha mwisho kabisa, hata kama ungependa kukijaribu mapema. Kikaragosi kinaweza kuvunjika hapo.

Na baada ya kuanguka mpe mtazamaji sekunde moja ya nguo ikipeperuka juu ya mwili uliolala. Upepo bado upo. Safari hii haimdanganyi mtu.

MwalimuTenzi

Naomba nyongeza moja kwenye orodha. Mama mpe sekunde 40. Anayeimba anahitaji mahali pa kuvuta pumzi, na hapo pekee ndipo pumzi ya kweli itakaposikika kisimani. Rekodi karibu na mdomo ili isipotee.

BintiLangoni

Mwalimu, nimempa 40. Nimezitoa kwenye njia ya kwenda kisimani, jumla imebaki 150. Na mwimbaji nimempata: ni mamangu. Amesema ataimba kwa sharti aone kwanza kwamba nyuso hazina macho. Kesho baada ya Alasiri naanza kadi za storibodi, nikimaliza animatiki nitaiweka hapa mniambie panapolegea.